Kanuni Inasemaje?

(Hotuba niliyoitoa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro, Uganda, kwenye mkutano wa klabu yetu ya hesabu na kompyuta. Mvua iliwazuia wengi wa Juru na Rubondo kufika, nao wakaniomba niiandike yote. Michoro niliyoionyesha ukutani nimeiacha.)

Wazee wetu, akina mama, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliobanana kule mlangoni: hamjambo?

Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na nimefurahi. Humu ndani yumo Mkongo, yumo Mrundi, yumo Mnyarwanda, yumo Msomali, yumo Mnyankole mwenyeji wetu, na lugha inayotukalisha pamoja ni hii.

Nianze na bomba la maji.

Miaka saba iliyopita nilikuwa nafundisha hesabu hapa hapa Nakivale. Asubuhi moja napita karibu na bomba, nikamkuta msichana wa S.3, mwaka wa tatu wa sekondari, anabishana na watu wazima. Mstari ulikuwa mrefu, jerikani zimepangwa mpaka barabarani. Yeye anasema, "Wenye vidumu vidogo watangulie." Mzee mmoja akamwambia anyamaze, aliyewahi ndiye wa kwanza. Msichana hakunyamaza. Alichuchumaa, akaokota kijiti, akaandika mchangani.

Jerikani ya lita 20 inajaa kwa dakika nne. Ya lita 10, dakika mbili. Kidumu cha lita 5, dakika moja. Ukianza na kubwa, wa kwanza anaondoka dakika ya 4, wa pili dakika ya 6, wa tatu dakika ya 7. Jumlisha muda waliosimama wote: 17. Sasa anza na kidogo. Wa kwanza anaondoka dakika ya 1, wa pili ya 3, wa tatu ya 7. Jumla 11. Mwenye jerikani kubwa amechelewa dakika tatu, lakini wenzake wawili wameokoa tisa.

Ndugu zangu, swali hilo linafundishwa vyuo vikuu kwa wanaosomea kompyuta. Ni swali la kupanga kazi ili muda wa kusubiri upungue. Msichana huyu hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa na kijiti, na alikuwa amechoka kusimama juani.

Mwaka uliofuata tukaletewa barua: shule zipeleke majina kwa mashindano ya hesabu na kompyuta, na watakaofanya vizuri wataingia kwenye mazoezi ya kutafuta timu ya nchi. Mimi ndiye niliyeandika orodha. Nikamwacha. Nilimwita pembeni nikamwambia, "Binti yangu, wewe ni mkimbizi. Huwezi kuiwakilisha Uganda."

Nani aliniambia hivyo? Mwalimu mwenzangu. Yeye aliambiwa na nani? Na mtu wa ofisini. Yule wa ofisini aliipata wapi? Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameisoma kanuni. Hata mmoja! Tulikuwa tunapokezana maneno tu kama watu wanaopokezana ndoo, na kila aliyepokea aliamini yule wa nyuma yake amechungulia ndani.

Nilipokuja kuisoma kanuni yenyewe, msichana alikuwa amemaliza S.6 na umri umempita. Jambo hilo silisahau, na sitaki kulisahau.

Kwa hiyo leo nataka tujizoeze swali moja. Mtu akikuambia mtoto wako hastahiki kushiriki, usigombane naye, na usiinamishe kichwa ukaenda zako. Muulize: kanuni inasemaje? Tuseme pamoja. Kanuni inasemaje?

Haya. Inasemaje?

Tuanze na kompyuta. Mashindano makubwa ya dunia kwa wanafunzi wa sekondari ni Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatiki, IOI. Ilianza Bulgaria mwaka 1989, na mwaka 2024 ilifanyika Alexandria, Misri, bara letu hili hili. Kila nchi inapeleka wanafunzi wasiozidi wanne. Wanakaa siku mbili za mashindano, kila siku saa tano na maswali matatu, kila swali alama 100. Kanuni ya nani anastahiki inatazama mambo mawili. La kwanza, mwanafunzi awe amesoma sekondari katika nchi anayoiwakilisha kwa sehemu kubwa ya kipindi cha Septemba mpaka Desemba ya mwaka uliotangulia. La pili, tarehe 1 Julai ya mwaka wa mashindano asiwe amezidi miaka 20.

Mmesikia? Amesoma wapi. Haikuanza kwa kuuliza amezaliwa wapi. Haikuuliza baba yake alivuka mpaka gani. Imeuliza: kuanzia Septemba mpaka Desemba, huyu mtoto alikuwa anakaa kwenye dawati la nchi gani? Na msichana wangu alikuwa anakaa kwenye dawati la Uganda, safu ya pili, karibu na dirisha.

Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, IMO, ni mkubwa wake kwa umri. Ilianza Romania mwaka 1959, na mwaka 2014 ikaja Afrika kwa mara ya kwanza, Cape Town. Huko nchi inapeleka wanafunzi wasiozidi sita. Mshindani awe hajafikisha miaka 20, na awe hajaandikishwa chuo kikuu. Kuhusu nchi, anaweza kuwa raia au mkaazi, mradi amepatikana kwa njia ya uchaguzi ya nchi hiyo. Raia au mkaazi. Neno "mkaazi" limo, na sisi wa Nakivale tunalijua neno hilo kuliko watu wengi, maana makazi haya yamekuwapo tangu 1958 na kuna wazee humu waliozaliwa ndani yake.

Na safari je? Nimewaona baba wawili wanatikisa kichwa. Mnasema mtoto atasafiri na pasipoti gani. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kuomba hati ya kusafiria. Kuipata kunachukua muda, hilo sitawaficha. Ndiyo maana nasema karatasi zianze kushughulikiwa mtoto akiwa S.1, zisingoje mpaka ashinde.

Jambo jingine dogo kuhusu lugha, kwa sababu wako watoto hapa waliosoma Kifaransa Kongo mpaka darasa la sita, wakafika huku wakaanza upya. Kwenye IMO mwanafunzi anapewa maswali kwa lugha anayoichagua na anajibu kwa lugha hiyo. Kazi ya viongozi wa timu ni kutafsiri. Kwa hiyo mwalimu asimwache mtoto nje ya klabu kwa sababu Kiingereza chake kinakwama. Namba tasa ni namba tasa.

Sasa umri. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo tunapoumizana wenyewe kwa wenyewe.

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko sisi. Watoto walirudi madarasani na ndevu! Kijana aliyetarajiwa kumaliza S.6 na miaka 18 alimaliza na 20. Kanuni za umri hazikuwasubiri. Siku ya kuzaliwa haisimami kwa sababu shule imefungwa.

Ongezeni na yetu ya hapa. Mtoto aliyekimbia vita akakaa miaka mitatu bila shule. Mtoto aliyefika na miaka 13 akaambiwa aanze P.3, darasa la tatu la msingi, ili ajifunze lugha. Huyo akifika S.5 mlango wa mashindano umeshafungwa. Je, tumlaumu nani? Mimi nasema tuache kutafuta wa kulaumu, tusome kanuni tena. Kanuni ina mwisho wa umri. Lakini mwanzo wa umri je? Hauna! Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mshindani lazima awe S.6. Terence Tao wa Australia aliingia IMO mwaka 1986 akiwa na miaka 10, akapata shaba. Mwaka uliofuata fedha. Mwaka uliofuata, 1988, dhahabu. Simtaji ili watoto wetu waambiwe wawe kama Tao. Watu wa aina yake ni wachache mno. Namtaja kwa sababu shule zetu zina desturi ya kuwachagua S.5 na S.6 peke yao, na desturi hiyo si kanuni ya mtu yeyote. Ni mazoea tu. Kwetu sisi ambao watoto wamecheleweshwa na vita na korona, mazoea hayo yanatugharimu kuliko wengine. Anzeni nao S.1. Anzeni nao P.6 mkiweza.

Na wale wa vakesheni, mliomaliza S.6 Desemba mnangoja matokeo: msijitoe. Rudini kwenye ile kanuni ya IOI. Septemba mpaka Desemba mlikuwa darasani. Mwaka unaofuata bado mna nafasi, umri ukiruhusu. Wengi wanakaa nyumbani wakidhani wameshatoka sekondari basi yamekwisha. Mkishaingia chuo kikuu kuna mlango mwingine, ICPC, mashindano ya vyuo vikuu ya kuandika programu za kompyuta: timu ya watatu, kompyuta moja, saa tano. Lakini hayo ni ya siku nyingine.

Lipo jambo la umri ambalo ni gumu kulisema mbele ya wazazi, lakini nitalisema. Kukata umri.

Nilikuwa na kijana hodari sana wa jiometria. Baba yake, kwa mapenzi kabisa, alimkata miaka miwili wakati wa kumtafutia cheti cha kuzaliwa, akiamini mtoto akionekana mdogo atapata nafasi nyingi zaidi. Lakini kwenye karatasi za PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kijana alikuwa ameandikwa umri wake wa kweli. Siku ya kukagua nyaraka, karatasi mbili zikawekwa mezani, zinapishana miaka miwili. Akaondolewa. Alilia mpaka nikashindwa kumtazama. Na mnajua kinachouma ni nini? Umri wake wa kweli ulikuwa miaka 18. Alistahiki! Alistahiki kabisa, na miaka ya ziada. Uongo ule haukuwa na kazi yoyote ya kufanya.

Na wengi wetu hapa, nyaraka zinasema tulizaliwa tarehe 1 Januari. Nyumba nzima, baba, mama na watoto watano, wote 1 Januari. Huo si uongo wa mtu. Aliyekuwa anaandika aliuliza tarehe, hakuna aliyeikumbuka, akaandika hiyo. Kama mama anaikumbuka siku yenyewe, kama ipo kadi ya kliniki au karatasi ya ubatizo, nendeni mkarekebishe sasa, kabla mtoto hajajiandikisha mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Baada ya hapo karatasi zinaanza kuzaana, na kila moja inalazimika kufanana na iliyotangulia.

Udanganyifu hauishii kwa mmoja. Korea Kaskazini iliondolewa kwenye IMO mara mbili, mwaka 1991 na mwaka 2010. Vijana sita kila mara, nchi nzima, alama zote zikafutwa. Hata aliyekuwa anajua kweli kweli alirudi nyumbani hana kitu.

Niseme kuhusu mabinti. Hapa kanuni haina tatizo hata chembe. Hakuna kanuni inayomzuia msichana. Kinachomzuia ni jerikani, ni mdogo wake anayelia, ni mwalimu anayeita majina ya wavulana kwanza. Maryam Mirzakhani alizaliwa Tehran. Alipokuwa sekondari, yeye na rafiki yake waligundua kwamba shule za wavulana zina madarasa ya kujifunza kutatua maswali ya mashindano, na yao haina. Wakaenda kwa mwalimu mkuu, mwanamke, wakamwambia. Hakuwaambia kwamba Iran haijawahi kuwa na msichana kwenye timu, ingawa ilikuwa kweli. Aliwapangia madarasa. Mwaka 1994 wasichana hao wawili wakawa wa kwanza kuingia timu ya Iran. Mirzakhani akapata dhahabu, na mwaka 1995, Toronto, akapata alama zote 42 kati ya 42. Mwaka 2014 akapewa Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati, ambayo kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata. Alifariki 2017, na miaka 40 tu.

Mimi kila nikimfikiria Mirzakhani namfikiria zaidi yule mwalimu mkuu. Walimu wakuu mliopo hapa, mnaniona nawatazama.

Sasa nizungumzie kutambuliwa.

Tumelelewa na agrigeti, ile jumla ya madaraja ya mtihani ambayo ikiwa ndogo ndiyo bora. Agrigeti 4 ya PLE, gazeti linapiga picha, mbuzi anachinjwa. Basi mtoto anarudi kutoka mashindano ya hesabu, anasema nimepata 7 kati ya 42. Mzazi anasikia nini? Anasikia mtoto amefeli.

Sikilizeni. Maswali ya IMO ni sita, matatu kwa siku, saa nne na nusu kila siku, kila swali alama 7. Wanaokwenda ni wale bora wa nchi zao, na karibu nusu yao hurudi bila medali. Kwa hiyo wenye mashindano wakaweka kitu kinachoitwa tajo la heshima: ukikosa medali, lakini umetatua swali moja kikamilifu, 7 kati ya 7, unapewa cheti. Watu wanaoijua kazi hiyo wamekaa, wakafikiri, wakaona kwamba kutatua swali moja kati ya hayo kunastahili karatasi yenye jina lako. Sisi ni nani tumwambie mtoto huyo kwamba hakupata kitu?

Na jina liwe lake. Hilo nalisema kwa uchungu. Kuna mwaka wanafunzi wetu watatu walifanya vizuri mashindano ya mkoa. Vyeti vikaja vimeandikwa jina la shule tu. Kikombe kikawekwa kabatini ofisini, wageni wakakipigia picha. Mmoja wa wale watatu alipoomba msaada wa masomo aliulizwa ushahidi, hakuwa nao. Kikombe kilikuwa kinang'aa kabatini! Mwingine baadaye alipewa cheti chenye jina, lakini jina la babu yake limeandikwa kwa herufi za Kiingereza tofauti na zilizo kwenye karatasi ya UNEB, na aliyekuwa anakagua akasema huyu ni mtu mwingine. Walimu wenzangu, mkipokea cheti, kikagueni siku hiyo hiyo, herufi kwa herufi. Kikiwa na kosa, kirudisheni kabla ya kupiga makofi.

Serikali nayo nina neno nayo, na nalisema kwa heshima. Utaratibu tunaoufahamu wa wanafunzi wanaolipiwa vyuo vikuu vya umma ni nafasi 4,000. Nafasi 3,000 ni za waliofaulu zaidi kitaifa, 896 za mgao wa wilaya, 64 za wenye ulemavu, 40 za wanamichezo. Jumlisheni: 4,000 kamili. Sina ugomvi na zile 40. Joshua Cheptegei alipochukua dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024 nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Peruth Chemutai alipochukua dhahabu ya kuruka viunzi na maji mwaka 2021, nilimlilia machozi ya furaha. Ninachouliza ni hiki: kama tumekubali kwamba mguu unaokimbia unastahili nafasi hata kama alama za mtihani hazikutosha, kichwa kinachokimbia je? Nafasi kumi tu. Hata tano. Wabunge wetu wa Isingiro wakija, waulizeni hilo kabla ya kuwauliza sukari na sabuni.

Nina kisa kimoja zaidi. Andrew Wiles, Mwingereza, alitatua swali la Fermat, lililokaa zaidi ya miaka 350 bila mtu kulimaliza. Mwaka 1993 alitangaza jibu, likakutwa na pengo, akalifunga pengo hilo mwaka 1994. Nishani ya Fields ina umri wake: miaka 40. Wiles alikuwa amepita. Hastahiki. Kanuni ilisomwa, ikaheshimiwa, hawakumpa. Lakini mwaka 1998, Berlin, umoja wa wanahisabati wa dunia ukamtengenezea bamba la fedha, la peke yake. Kanuni ya nishani haikuvunjwa, na mtu hakusahauliwa.

Nami nimejifunza hapo. Yule msichana wa bombani, mlango wa olimpiadi ulifungwa kwa kosa langu, na siwezi kuufungua tena. Umri wake umepita na sitamkata miaka. Lakini ninachoweza nitakifanya. Binti yangu, naomba usimame. Tafadhali. Watu wakuone.

(Hapa alisimama, na watu wakapiga makofi kwa muda mrefu.)

Miaka mitatu sasa anawafundisha wadogo wa klabu hii, Jumamosi kwa Jumamosi, kwenye kompyuta mbili za zamani. Watoto tisa kati ya wale mliowasikia leo wakieleza majibu yao ubaoni ni wake. Cheti hiki kimeandikwa jina lake lote, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye karatasi yake ya UNEB. Nimekagua mara tatu.

Haya wazazi, meza ya kuandikisha iko pale chini ya mwembe, na ni yeye atakayekaa pale. Mje na karatasi yoyote ya mtoto mliyonayo, hata ya kliniki. Wenye karatasi zote mkononi watangulie, hao dakika moja wamemaliza. Sisi wenye mambo marefu tutakaa nyuma.